Alama ya Tupa Kwenye Gia

Jumamosi, tarehe 15 Julai 1995. Asubuhi ilikuwa ya baridi, manyunyu yakilowesha mabati ya mtaa wetu wa Shauri Moyo.

Nilimkuta shemeji yangu Nalianya ameshaitoa uani pikipiki ya marehemu mume wangu, Opicho. Ni ile kuukuu ya Kiingereza, yenye kigari cha pembeni tulichobebea mitumba kutoka soko la Gikomba. Tangu Opicho afariki nabeba marobota kwa mgongo. Injini aliiacha wazi alipougua, na sasa Nalianya alikuwa amemleta fundi Hamidi aifunge.

"Ikiwaka, naenda nayo kwangu Huruma," Nalianya alisema. "Mwanamke na pikipiki wapi na wapi?"

"Na nikiiwasha mimi?"

Alicheka hadi majirani wakatoka. "Wewe Nasambu wa ngumbaru? Ukiiwasha, ni yako!"

Hamidi alizipanga gia mbili za valvu nukta kwa nukta, kama kiwanda kilivyozitia alama, akafunga. Nalianya akapiga kiki. Injini ilipiga chafya, kiki ikamrudi na kumgonga muundi. Alitukana mbele ya watoto.

Niliomba kimoyomoyo, kisha nikaleta daftari langu la ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima. Insha yangu ya kwanza ilihusu kazi niliyoiona nyumbani. Nikimshikia taa, Opicho alitia gia iliyotoka kwenye injini nyingine. Nukta yake haikufaa, akachonga alama kwa tupa, jino moja kando.

"Fundi, hiyo nukta iache. Tafuta alama ya tupa."

Hamidi alifungua, akapangusa oili kwa kidole. "Ipo, mama. Wallahi ipo."

"Unamsikiliza huyu?" Nalianya alifoka.

Niliipanga gia mwenyewe. Nikaingiza ile spoku ya baiskeli aliyopimia Opicho kwenye tundu la plagi, nikazungusha injini hadi valvu zote zikafunga na pistoni ikafika juu, nikairudisha mpaka mkwaruzo aliouweka Opicho kwenye spoku. Sasa nilitaka karatasi nyembamba ya kubanwa na pointi za cheche. Zikianza tu kuachana, inachomoka, na hapo ndipo cheche hutoka. Mafundi hutumia karatasi ya sigara, lakini nyumbani kwangu hakuna sigara. Nilichana ukurasa mtupu wa mwisho wa Biblia yangu.

"Laana hiyo! Mmeona mcha Mungu wenu?"

"Mungu anaona mengi asubuhi hii, shemeji."

Nilizisogeza pointi polepole hadi karatasi ikachomoka. Nikakaza pointi, nikafunga. Nikapiga kiki mwenyewe; ya tatu, injini ikanguruma.

Nalianya alirukia usukani. "Ni ya ndugu yangu!"

Hamidi alisimama mbele ya gurudumu, spana mkononi. "Rudia ulichosema, bwana. Sote tulisikia."

"Ni yake," Nalianya alinong'ona.

"Sauti!" jirani yangu Aoko alidai.

Alitema mate, akaachia usukani. "Mimi Nalianya, mbele yenu nyote, sitaigusa tena pikipiki ya Nasambu."