Bangili ya Wageni

Maneno ya mshona nguo yalimganda Mama Wasiwasi kama kupe. Mshona nguo alikuwa amesema, pini zikiwa mdomoni, kwamba kwenye hoteli ya kile kisiwa wafanyakazi hawaonekani. Hakusema wamepotea, wala wamekufa. Alisema hawaonekani, kisha akaendelea kupima kiuno cha mteja mwingine. Na hotelini hapo ndipo alipofanya kazi Kitinda, binti wa mwisho wa Mama Wasiwasi, ambaye simu zake siku hizi zilikuwa fupi: "Mama, mimi mzima, nitakuja likizo."

Jina la Wasiwasi alipewa na watoto wake mwenyewe, na halikumwonea. Alikuwa mtu wa kunusa maziwa hata yakikamuliwa mbele yake. Basi akampigia simu mwanawe mkubwa asubuhi na jioni, mpaka kijana akasalimu amri, akamlipia safari.

"Nenda mama, ukajionee mwenyewe. Ulale huko kama mgeni, upumzike. Na sisi tupumzike."

Alikwenda peke yake, bila kumwambia Kitinda. Aliamini mtoto akiambiwa mapema hupanga uongo. Alitaka kumfumania. Alibeba sweta, tochi, mwavuli, na dawa za kuharisha za kutosha boti nzima.

Kisiwa kilikuwa kizuri, alikubali hilo kwa shingo upande. Bahari ilikuwa na ile rangi aliyodhani wapiga picha huiongeza wenyewe. Mchanga mweupe uliingia viatuni, ukaingia kwenye nguo, na hata kwenye meno. Joto lilimkumbatia kama shangazi asiyejua kuachia. Sweta alilivaa hivyo hivyo, kwa sababu alishalibeba.

Mapokezini kijana mmoja mwenye adabu alimfunga bangili ya plastiki ya rangi ya chungwa. "Usiivue mpaka siku ya kuondoka, mama. Kari..." alisema, na bangili ilipobana, kijana akawa hayupo, yeye na nusu ya neno lake. Mama Wasiwasi akageuka kuchukua begi. Begi lilikuwa limeshatangulia, likielea usawa wa goti. Akalifuata.

Hapo mtu mwenye akili angerudi botini. Yeye alinogewa. Sinia zilitoka jikoni zenyewe, zikapishana mlangoni bila kugongana. Ufagio ulimsubiri ainue miguu. Chumbani alikuta mito miwili imewekwa mwisho wa kitanda, kwa ajili ya miguu yake inayovimba, kama alivyozoea nyumbani. Chai ilikuja bila sukari kabla hajaagiza.

"Hawa watu wamesoma," aliwaza.

Meza zote zilikuwa za watu wawili. Aliweka mkoba kwenye kiti cha pili, na mara moja moja akautikisia kichwa, watu wasije wakadhani hana mwenzake.

Asubuhi iliyofuata chai ilipoa. Ilipoa kwa sababu aliiacha akimkodolea macho mwanamke mwenye kofia kubwa kama mwavuli. Lakini alimwita meneja. Meneja alionekana vizuri sana, kwani mameneja huonekana.

"Chai ya baridi," alisema Mama Wasiwasi.

"Pole sana, mama. Aliyeileta tutamshughulikia."

Maishani mwake hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Nyumbani akilalamika, watu huongeza sauti ya redio. Akavimba kichwa, akauchongea na ufagio. Kisha ndipo akakumbuka kilichompeleka.

"Namtafuta binti yangu. Mrefu, ana mwanya."

"Yupo, mama. Mwenye bangili hawaoni wafanyakazi wala hawasikii. Wageni wengi hupenda hivyo."

"Nikiivua?"

"Utawaona. Ila utakuwa si mgeni tena, na boti inayofuata itakuchukua."

Mama Wasiwasi alitafakari. Harufu ya kuku ilikuwa inatoka jikoni. Mama aliyevuka bahari kumtafuta mwanawe akala kwanza. Akala na matunda. Halafu akachukua kisu cha mezani, akaikata bangili.

Ukumbi ukajaa. Walikuwa wamesimama kando ya kuta, kati ya meza, nyuma ya kila kiti. Kitinda alikuwa amesimama kando ya bega lake na jagi la maji.

"Shikamoo, mama. Nimekuamkia tangu jana, huitiki."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Nilidhani umeninunia. Kumbe ulivaa bangili chini ya sweta! Hata wewe, mama?"

"Mito ya miguuni ni wewe?"

"Nani mwingine anaijua miguu yako? Na chai haikuwa baridi. Uliiacha ukiangalia kofia ya watu."

"Mama mkwe," alitania mpishi kutoka mlango wa jikoni, "leo chai tukuchemshie kwenye sufuria au kwenye tanuri?" Wenzake wakacheka. Mgeni wa meza ya jirani aliendelea kumenya embe.

"Funga mizigo, twende nyumbani," alisema Mama Wasiwasi.

"Likizo yangu ilikuwa kesho. Meneja kaifuta asubuhi hii. Mgeni kalalamika."

"Mgeni gani huyo asiye na utu?"

Walimtazama tu, mpaka akajijibu mwenyewe.

Alikwenda ofisini karibu mbio. "Ile chai ilikuwa ya moto," alimwambia meneja. "Nafuta maneno yangu."

"Malalamiko hufutwa na mgeni aliyeyatoa."

"Si ndiye mimi!"

"Wewe huna bangili, mama."

Kitinda alimbebea begi mpaka gatini. Mama alimvika lile sweta, na binti akalipokea ingawa jasho lilikuwa linamtiririka. Botini, bwana mmoja mwenye bangili alikuja akamkalia Mama Wasiwasi mapajani, akidhani kiti ni kitupu, akafungua gazeti. Alikuwa mzito. Mama hakupiga kelele, maana alijua asingesikiwa. Alichungulia ubavuni mwa gazeti, akamwona Kitinda akipunga mkono, kisha binti akaitwa, akageuka na kwenda.

Mzazi mwenye mtoto kisiwani aepuke haya:

Kumfumania mtoto aliye kazini.

Kuvaa kitu mkononi kabla ya kuuliza kitakuficha nini.

Kufurahia mito bila kuuliza nani kaipanga.

Kula kwanza.

Kukaa botini bila bangili. Asimame.

Kulalamikia chai. Ikipoa, ainywe.

Kuuliza likizo mpya ni lini. Kaka yake Kitinda ameshauliza. Hotelini wanamsubiri yule mgeni wa chai afute malalamiko.