Jela Ijengwe Hapa Mitunguu

Mwanangu Mwongera aliiba pampu ya maji ya mradi wetu. Sibishi, wala sitafuti wakili. Aliiba, akahukumiwa miaka saba, haya. Lakini hakimu hakusema mama yake naye afungwe. Walimpeleka jela ya pwani, na kwa miaka minne nimemwona mara mbili tu. Mara ya tatu nilifika lango limefungwa, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Nirudi Jumatatu nikilala wapi? Nilitua kikapu changu cha ndizi pale nje ya ukuta, nikalia bila haya, kisha nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Kwa hivyo chifu alipotangaza baraza, eti serikali inapanga kujenga jela huku Mitunguu ili watu wetu wafungwe karibu na kwao, nilitoka shambani mbio. Nilikuwa nakata ndizi, hata mikono sikunawa. Mlangoni mwa ukumbi wa kanisa nilimkuta karani wa Marete, mwenyekiti wa soko letu la ndizi. Alikuwa akiandika majina: unatia sahihi, unapewa soda na mkate. Mimi sikusoma, naweka dole gumba. Dole lilikuwa jeusi tititi kwa utomvu, karani akacheka, akasema leo nimemwokolea wino.

Afisa wa mipango alikuwa mama mpole kutoka Embu, anaitwa Wambeti. Alitandaza ramani, akaeleza kwamba mfungwa anayetembelewa na watu wake hutoka akiwa mtu. Marete akasimama na koti lake la Jumapili. Akasema jela italeta wahuni, bei ya mashamba itaanguka, wezi watatoroka wajifiche kwenye migomba. Watu wakapiga makofi, na siwalaumu sana, pampu ilikuwa yao. Kisha akamkabidhi Wambeti karatasi, akasema watu mia mbili wameikataa jela kwa sahihi zao wenyewe.

Nilikuwa nimekaa mbele, nikaiona sahihi ya juu kabisa. Dole langu nalijua. Kumbe sahihi ya soda ndiyo imegeuzwa kuwa ya kukataa. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka.

Sikuomba nafasi. Chifu akaniambia nitulie, akina mama watapewa zamu yao baadaye. Nikamjibu kwamba zamu yangu nimeingoja miaka minne. Nikaenda mpaka pale mezani, nikaliweka dole langu jeusi kando ya lile la kwenye karatasi, Wambeti ajionee.

“Hili niliweka nipewe soda,” nikasema. “Soda yenyewe hii hapa, sijaionja, chukueni. Mwongera ni mwizi, lakini ni mwizi wa hapa. Alizaliwa hapa, aliiba hapa, na akimaliza atarudi hapa. Kwa nini afungwe mahali ambapo siwezi kufika?”

Marete akasema mzazi aliyelea vizuri hana haja na jela. Wakacheka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mle ndani nilijiona mzazi peke yangu. Basi nikamwomba Wambeti achukue karatasi mpya, aandike juu kwamba hawa ndio wanaoitaka jela, na jina langu Ciakuthii liwe la kwanza. Nikaweka dole. Nikawaambia hata nikibaki peke yangu, karatasi hiyo iende hivyo hivyo.

Ndipo akainuka Felicitas, mke wa Marete. Sisi sote tunajua kijana wao Riungu anafanya kazi katika kampuni kubwa huko Eldoret. Hata kanisani tumemwombea apandishwe cheo. Marete akamshika mkono.

“Keti, Mama Riungu,” akasema.

Hakuketi. Aliuchomoa mkono wake, akaja mezani, akaandika jina lake chini ya dole langu, polepole, herufi zote. Kisha akawageukia watu.

“Riungu hayuko kazini,” akasema. “Amefungwa jela ile ile ya Mwongera, huu ni mwaka wa tatu. Baba yake amenikataza kwenda kumwona.”

Marete alikuwa akitazama viatu vyake. Felicitas hakumwangalia hata kidogo. Aliniinamia mimi, mimi waliyekuwa wakinicheka sasa hivi, akaniuliza kwa sauti ya chini lango la jela hufunguliwa saa ngapi.