Meno ya Jeshi la Makaburini

Jumamosi, saa nne asubuhi, Fundi Meno alikuwa mezani na miwani ya kukuzia puani, akimpaka maiti rangi ya kijani kwenye shavu. Maiti mwenyewe hakuzidi urefu wa kidole gumba. Alikuwa wa thelathini na moja katika jeshi lake la makaburini, na ndiye aliyemtoa jasho kuliko wote, kwa kuwa alitoka dukani akiwa mpanda farasi. Fundi alimkata miguu iliyopanuka, akambandika ya mchimba kaburi, akamnyang'anya mkuki akampa koleo, na pale viungo vilipokataa kukutana akaziba kwa nta ya maabara. Katika mchezo wa vita vya mezani kila mtu hununua askari wale wale wa plastiki kutoka maboksi yale yale. Heshima ya mtu iko katika namna alivyowakatakata na kuwaunga upya.

Ng'ambo ya meza alikaa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, akifuma sweta na kukosoa. Alisema kijani kimezidi. Hata babu yako, alisema, aliyekaa siku tatu tukisubiri watu wafike, hakuwa kijani namna hiyo. Aliyasema hayo kiganja kikiwa mdomoni, kwa sababu hakuwa na jino hata moja, na mwaka wa tatu huu alikuwa akiongea nyuma ya mkono.

Zamani shangazi alikuwa mshereheshaji wa harusi. Alikuwa na kicheko cha kuamsha mtaa, na watu walipanga tarehe ya ndoa kwanza kwa kumuuliza yeye, kisha ndipo wakamuuliza bibi harusi. Meno yalipoisha aliacha kazi, akaacha vikao, akaacha hata kujibu hodi. Kwenye kliniki ya umma aliwekwa kwenye orodha ya meno ya bandia, akapewa namba mia mbili na kumi na mbili.

Mtu angeuliza kwa nini asitengenezewe na mtoto wake wa kulea, ambaye ndiye fundi wa meno wa kliniki hiyo hiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Lakini meno yenyewe hufungiwa kabatini, ufunguo unakaa kwa karani, na karani hatoi seti bila fomu yenye sahihi ya mkurugenzi. Fomu ya shangazi ilikuwa mezani kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mkutanoni. Fundi alikuwa ameshachukua umbo la kinywa cha shangazi kwa plasta, akaliandika namba kwa penseli, na umbo hilo lilikaa rafuni kazini likiwa limeachama mdomo mwaka hadi mwaka. Kila asubuhi alipolipita roho ilimuuma.

Kosa lilitokea kwenye vitako. Kila askari wa mezani husimama juu ya kitako cha duara, na kitako cha askari wa makaburini kinataka udongo wa makaburini. Wengine hutumia mchanga wa barabarani. Fundi alikuwa na kitu bora zaidi, au ndivyo alivyodhani. Mgonjwa akifa kabla ya kupata meno, umbo lake la plasta huwekwa mwaka mmoja, kisha sheria inasema livunjwe na kutupwa. Fundi hakuwahi kuweza kutupa kinywa cha mtu kwenye pipa la taka. Aliyapeleka nyumbani kwenye mfuko, moja moja, na sasa yalikuwa thelathini na moja. Aliyatwanga kwenye kinu kidogo, akayachekecha kwa chujio la chai, akachanganya na gundi na kupaka kwenye vitako. Tena alitumia umbo moja kwa kitako kimoja, ili rangi ya udongo isilingane, maana udongo wa kaburi hili si udongo wa kaburi lile. Kazi ikatoka safi sana.

Vita vilipiganwa Jumapili alasiri kwenye duka la kinyozi la shemeji, mume wa dada yake. Wateja wakipungua, shemeji alilaza ubao juu ya mikono ya viti viwili vya kunyolea, akapanga magofu ya ngome, mawe ya makaburi na uzio wa vijiti vya meno. Vioo vilikuwa pande zote mbili, kwa hiyo kila jemadari aliona hata migongo ya jeshi lake. Shemeji alikuwa na wawindaji wa mizuka, wenye makofia mapana na taa mkononi, wote wamepakwa rangi vibaya lakini kwa upendo.

Ilikuwa zamu ya shemeji. Kabla hajarusha dadu, mchimba kaburi wa kijani alitembea kiganja kizima, akaweka koleo chini, akaketi juu ya jiwe la kaburi na kuuliza kama hii ndiyo foleni.

Shemeji alichukua utepe akapima.

"Shemeji, huyu wako kazidi nusu inchi," alisema. "Na hii ni zamu yangu."

Fundi aliomba radhi na kumrudisha nusu inchi. Wakati huo wengine nao walikuwa wameanza kusogea, na ilibidi mchezo usimame. Walijitambulisha kwa namba, kwa sababu miaka yote waliyosubiri hakuna aliyewaita kwa kingine. Mchimba kaburi alikuwa Mia na Nane. Mnyonya damu mwenye joho jekundu alikuwa Arobaini na Sita, na katika uhai wake alikuwa mshonaji aliyekata nyuzi kwa meno. Mzuka asiye na miguu alikuwa Sabini, mwamuzi wa mpira wa miguu, na alichotaka ni kupiga mluzi kwa vidole tena. Mia na Nane alitaka karanga. Waliongea kwa fizi tupu na kumumunya maneno, lakini Fundi alikuwa amezoea kusikiliza watu wa namna hiyo, akawafasiria kwa shemeji. Wote waliuliza jambo moja, kama namba zao zimeshaitwa.

Fundi aliwaambia ukweli kwamba hazijaitwa. Walipokea kwa utulivu. Sabini alisema walikuwa wamepita tu kuulizia.

Sasa, meno ya mtu mzima yanataka fomu, lakini meno ya mtu wa urefu wa kidole gumba hayana fomu, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuichapisha. Fundi aliposugua seti za watu wengine, chini ya mashine kulibaki unga wa waridi wa fizi na chembe nyeupe za meno, ambavyo jioni hufagiliwa. Alivifagia kwenye kopo la kahawa. Wiki mbili alikaa mezani nyumbani akichonga kwa sindano, meno ishirini na nane kwa kila kinywa, kila moja dogo kuliko punje ya sukari. Kisha aliwaita mmoja mmoja.

"Uma. Taratibu. Haya, fungua."

Mia na Nane alisema seti ya juu inambana kushoto. Fundi alikumbuka vizuri kwamba huyu taya lake la kushoto lilikuwa limeshuka, akapunguza kidogo kwa karatasi ya msasa, akamrudishia. Mia na Nane aliuma hewa mara tatu, akageukia ukutani. Shangazi alimwambia Fundi amwache kidogo, ni furaha hiyo.

Jumapili iliyofuata haijasahaulika kwa kinyozi. Sabini alipiga mluzi uliowafanya wawindaji watatu wa shemeji waanguke, na shemeji akakubali kwamba wameanguka kwa halali. Arobaini na Sita alikata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye joho lake, kisha akaanza kuukata wa kila aliyempita. Karanga moja iliwekwa katikati ya uwanja wa vita na jeshi zima likaizunguka, na mlio wa kutafuna ulikuwa kama mvua ya mbali juu ya bati. Mteja aliyekuwa ananyolewa ndevu alicheka mpaka shemeji akasimamisha wembe. Shemeji alishindwa vita hivyo vibaya sana, na hakuwahi kushindwa kwa raha kiasi hicho. Fundi alitazama vinywa vyote vile alivyovijua, vimejaa, vinang'aa kwenye vioo vya mbele na vya nyuma, na machozi yakamtoka bila aibu.

Shangazi naye alikuwepo, kwa mara ya kwanza tangu alipoacha kutoka nyumbani. Alikula karanga iliyopondwa kwa kijiko, akitazama.

"Kumbe foleni ya wafu ndiyo fupi, mwanangu," alisema nyuma ya kiganja.

Neno hilo lilimwingia Fundi. Jumatatu aliwapanga askari wake kwenye boksi lenye sponji, akawapeleka dirishani kwa karani. Aliona kwamba wakitokea thelathini na moja mbele yake, na kila mmoja akasema alisubiri miaka mingapi, lazima orodha itasogea, na shangazi atasogea nayo.

Karani alikuwa mtu mwenye adabu. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Aliwauliza kama meno yanawakaa vizuri, wakasema yanawakaa, isipokuwa Mia na Nane, aliyetaka ijulikane kwamba mwanzoni yalimbana. Kisha karani alifungua kidau cha wino, akawapa kila mmoja aweke dole gumba mbele ya namba yake, na kando akaandika: *Amehudumiwa.*

"Hongera, Fundi," alisema. "Lengo la mwaka lilikuwa watu thelathini. Tumevuka."

Fundi aliuliza kama basi shangazi sasa ni mia na themanini na moja. Karani alimweleza kwa upole kwamba namba ni ya mtu, haisogei, aliyehudumiwa hubaki na yake na asiyehudumiwa na yake. Na kwa kuwa lengo limevukwa, kabati litafunguliwa tena mwakani. Mkurugenzi alipata barua ya pongezi wiki hiyo hiyo. Ilitundikwa ukutani, juu ya meza yenye fomu.

Fundi alirudi nyumbani na hasira ya kuvunja vyombo. Alijilaumu kwamba kwa mikono yake mwenyewe ameifunga njia ya shangazi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufuma, akamwambia aache kujitesa, kabati lile halikuwa wazi hata kabla yake. Kisha akauliza kwenye boksi kuna mwanamke yupi aliyebaki bila kupakwa rangi.

Alibaki mmoja, bibi wa ngome mwenye kola ndefu na kipepeo cha kujipepea mkononi.

"Huyo ni wangu," shangazi alisema. "Ila kipepeo kitoe. Nipe maikrofoni."

Maikrofoni ilitengenezwa kwa kichwa cha pini. Gauni lilipakwa zambarau, kwa amri, na mikunjo yake ikatiwa rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji. Meno yaliwekwa kamili, ishirini na nane. Kwa ajili ya kitako, Fundi alikwangua unga kidogo chini ya umbo la plasta la shangazi pale rafuni, akauchanganya na gundi. Gundi ilipokauka walimweka bibi wa zambarau katikati ya jeshi, wakasubiri. Hakutikisika. Sabini alimpigia mluzi. Arobaini na Sita alimkagua pindo. Mia na Nane alimgonga kwenye kola, akaweka sikio, akasikiliza kwa makini.

"Huyu bado hajafa," alisema.

Shangazi alifurahi kuliko alivyofurahi kwa miaka mitatu. Alimsimamisha bibi huyo kwenye dirisha la jikoni, na kila asubuhi aliamka akamtazama kwanza. Akimkuta kasimama vile vile, kaduwaa na maikrofoni yake, shangazi alijipongeza na kubandika chai.

Jumatatu moja baada ya chai alivaa sweta aliyoimaliza, akaenda kliniki kuulizia fomu. Karani alimwambia mkurugenzi yuko mkutanoni. Shangazi alikwenda kwenye benchi, ambako watu kama arobaini walikuwa wamekaa na viganja vyao midomoni, akasimama mbele yao na kuanza kuwatambulisha. Alimtambulisha Mia Mbili na Tatu kama bwana harusi. Alimtambulisha Mia Mbili na Tisa kama mama wa bibi harusi aliyekataa kulia. Kufikia kwake mwenyewe alikuwa amesahau mkono wake uko wapi, fizi zote nje, na benchi zima lilikuwa likicheka midomo wazi, hadi wengine wakashikana mabega wasianguke. Karani aliwaomba mara mbili wapunguze sauti, kisha akafunga dirisha.