Bwana Siyo na Mkunga wa Usiku

Miaka nenda miaka rudi, mbunge huyu alikalia kiti kilekile cha nyuma, kando ya nguzo, na hakuna waziri mkuu aliyewahi kumtuma hata kuzindua kisima. Hakujali. Kazi yake aliiona ni moja tu, kukataa. Walipotaka kuacha majoho, alisema siyo. Walipotaka mashine za kupigia kura, siyo. Na mgeni akithubutu kupiga makofi kule juu roshani, yeye ndiye wa kwanza kusimama kudai utaratibu, mpaka mgeni atolewe nje. Wenzake walimbatiza Bwana Siyo, naye jina akalipenda.

Leo basi palikuwa na kioja. Bwana Siyo alikuwa na muswada wake mwenyewe, wa kwanza tangu aingie bungeni, kwamba kila zahanati iwe na mkunga wa zamu ya usiku. Mkewe, mkunga mstaafu, alimwomba jambo hilo tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na leo alikuwa roshani safu ya mbele, mkoba mapajani. Ilikuwa kufa na kupona, maana mzee hagombei tena.

Muda mfupi kabla ya kura, mnadhimu wa chama chake alimjia huku jasho linamtoka, akamnong'oneza kwamba bila yeye kura ni sare. Na sare huua muswada. Kanuni hiyo ni Bwana Siyo mwenyewe aliyeipigania isifutwe. Ilibaki kura moja tu, yake.

"Siwezi," alisema. "Nimefungana na daktari wa mifugo."

Daktari wa mifugo alikuwa mbunge wa upande wa pili, hasimu wake tangu ujanani. Wabunge wa zamani walikuwa na desturi yao: mmoja akiugua, mwenzake wa upande wa pili naye hapigi kura mpaka mgonjwa arudi, ili maradhi yasiinamishe mzani. Haikuandikwa popote, ilikuwa ni kupeana mkono basi. Daktari alikwenda kupasuliwa nyonga kabla siku ya muswada haijapangwa, na mikono ilikwisha kushikana.

Mnadhimu alimsihi, akamwambia hakuna atakayemshitaki. Bwana Siyo alitazama juu kwa mkewe, na roho ikamuuma kwelikweli.

"Nikilivunja hili," alisema, "miaka yote hiyo nilikuwa nalinda nini?"

Kengele ya kura ikaanza kulia. Ikinyamaza, milango hufungwa. Wabunge walikimbilia viti vyao, na mlinzi alikwisha shika komeo, mara chuma kikasikika kinagonga sakafu ya ukumbi wa nje. Daktari wa mifugo akaingia akisukuma fremu ya kutembelea, koti juu ya nguo za wodini, nesi nyuma yake anagomba. Alipofika penye nguzo alisimama kuvuta pumzi.

"Nimerudi," alimwambia Bwana Siyo. "Uko huru."

Kisha akaenda kuketi upande wake. Moyo wa Bwana Siyo ulidunda kwa furaha, halafu ukashituka: daktari akikataa muswada, ni sare palepale.

Spika aliwataka wanaokubali wasimame. Bwana Siyo aliruka hadi goti likalia. Walipohesabiwa, wakaitwa wanaokataa, na upande wa pili ukainuka wote, isipokuwa daktari wa mifugo. Mnadhimu wao alimvuta mkono wa koti, uso umemwiva.

"Daktari kanikataza kusimama," alijibu mgonjwa, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. "Na mimi masharti ya daktari nayafuata."

Bunge zima liliangua kicheko. Muswada ukapita kwa kura moja. Kule juu mikono miwili ikaanza kupiga makofi, peke yake, kwa nguvu zote. Alikuwa yule mkunga mstaafu. Kwa mazoea Spika aligeukia kwenye nguzo kusubiri utaratibu udaiwe, na wabunge wote wakageuka naye.

Bwana Siyo alikuwa anakagua dari kama fundi anayetafuta linapovuja, na machozi yanamshuka.