Pazia Lililopungua Shibiri Mbili

Kuna swali ukiulizwa unajibu, na kuna swali ukiulizwa unahesabu kwanza mpaka kumi. Wifi mtu alisimama katikati ya sebule mpya ya wenzake, hata viatu hajavua, akazungusha macho toka darini hadi sakafuni, kisha akauliza, "Nani kakupambia hapa?"

"Nimejipambia mwenyewe," akajibu Futi.

"Acha utani wako. Sema tu, sitakuibia mtu wako."

Futi ni jina alilopewa na wateja, kwa sababu ile futi ya kupimia haikuwahi kubanduka shingoni mwake. Alikuwa fundi wa mapazia. Miaka ishirini alikuwa akiingia majumba ya watu, akipanda ngazi, akipima madirisha, huku chini amesimama mpambaji mwenye kucha ndefu akimwambia marinda yawe haya na rangi iwe ile. Hata rangi ilipokuwa ya kuumiza macho, Futi aliitikia tu. Hakulipwa kuwa na maoni. Akirudi kwake, anarudi kwenye chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba alipiga marufuku misumari. "Ukuta ni wangu," alikuwa akisema yule mzee, na kweli ulikuwa wake. Kwa hiyo picha ya marehemu mama yake Futi ilikaa miaka kumi na minane imeegemezwa juu ya sanduku, ikianguka kila mlango ulipobamizwa.

Basi yeye na mumewe, karani wa posta, walipopata nyumba yao wenyewe, vyumba viwili na sebule, ya mwisho kwenye safu, plasta bado inanuka ubichi, Futi alitaka kitu kimoja tu. Alitaka ndani humo neno la mwisho liwe lake. Mtu aliyeitikia miaka ishirini, je, ni mengi hayo?

Kwa wifi yake yalikuwa mengi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mpambaji wa kumbi za harusi, na siku hizi amechapisha kadi zinazosema ni mshauri wa nyumba. Hata kabla hawajahamia, alishatuma kwenye simu ya Futi picha arobaini za sebule. Zote za kijivu. Viti kijivu, mazulia kijivu, hata paka mmoja aliyelala kwenye kochi alikuwa kijivu. "Chagua mojawapo, niandalie chai, nitakuja kukuelekeza," aliandika. Futi alizitazama zote, akaona ni nyumba za watu waliohamia baada ya moto. Akazifuta.

Yeye alikuwa na njia yake. Tangu siku ya kwanza ya ufundi alikuwa akikata kipande cha upana wa kiganja kutoka kila kitambaa alichoshona, masalio ambayo mteja angeyafagia, na kukihifadhi kwenye bati la biskuti. Kila kipande alikijua. Kile cha buluu nzito kilikuwa cha nesi wa zamu za usiku aliyetaka kulala mchana. Kile cha maua mekundu kilikuwa cha mjane mmoja ambaye watoto wake walimwambia maua si ya umri wake, naye akaagiza mengine ya chumbani. Na katika miaka yote hiyo Futi alikuwa amejifunza jambo ambalo hakuna mpambaji aliyewahi kumuuliza: walioteua kwa kutazama picha walimwita tena kabla mwaka haujaisha, aje abadilishe. Walioteua kwa kukaa ndani ya chumba chao hawakumwita tena.

Kwa hiyo alichukua ruhusa siku moja, akageuza ndoo katikati ya sebule tupu, akaikalia toka asubuhi hadi jioni, chaki mkononi. Kila jua lilipofika mahali, alichora mstari. Mumewe aliporudi kutoka posta alikuta sakafu nzima imejaa michoro.

"Mke wangu, unatafuta hazina?"

"Nasikiliza jua. Ndilo litakaloshinda humu, wewe unashinda posta."

Akamwaga vipande vya bati juu ya ile mistari, akatambaa kwa magoti akivihamisha. Vya kijivu vilikufa palepale. Vya buluu vilinuna. Kimoja cha rangi ya binzari, jua la alasiri lilipokigusa, kiliwaka hata mumewe akasema "Ehe!" bila kuulizwa. Pazia likawa la binzari. Ukuta akaupaka mwenyewe, kijani cha mchaichai. Msumari wa kwanza alioupigilia ulikuwa wa picha ya mama yake. Alipigilia akilia, na hakuona haya.

Ila kinyozi hajinyoi. Fundi aliyepima madirisha ya mji mzima, la kwake hakulipima. Alikata kitambaa kwa mazoea, kwa kile kipimo kilichokaa kichwani mwake miaka kumi na minane, kipimo cha dirisha la chumba cha kupanga. Alipolitundika, pazia likaishia shibiri mbili juu ya sakafu, kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Mumewe alicheka mpaka akakaa chini. Na kitambaa kile dukani kilishakwisha. Futi alinuna siku mbili. Siku ya tatu akafungua bati, akaunganisha vipande vyake vyote, vya nesi, vya mjane, vya wote, akatengeneza ukanda wa shibiri mbili, akauunga chini. Ukatoka mzuri kuliko pazia lenyewe. Hakuutegemea uzuri ule, na ndiyo maana aliupenda.

Hilo ndilo pazia ambalo wifi mtu alikuwa akilitazama siku ile, viatu miguuni.

"Mapazia ya viraka!" akacheka. "Ungeniita mimi, wifi, usingeaibika." Kisha akatoa simu, akalipiga picha. Akalipiga tena kwa karibu. Akauinua ule ukanda, akatazama mshono kwa nyuma. Mtu anayecheka kitu hakipigi picha mara tisa, lakini Futi alikuwa jikoni akiandaa chai, na wema wa mtu huja na upofu wake.

Wiki kadhaa baadaye aligundua kuwa ufunguo wa akiba haupo mahali pake.

"Dada aliuomba," akasema mumewe, akijificha nyuma ya gazeti. "Alisema siku tukisafiri atatumwagilia maua."

"Maua gani? Tuna maua sisi?"

"Ni ndugu, mke wangu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu gani apite, naye ana ufunguo? Huyo hapiti, huyo anaingia! Wewe mpe shibiri, utaona atakavyochukua pima."

Mumewe akafungua ukurasa wa michezo. Alikuwa mtu mwema, lakini kwa dada yake alikuwa hana mifupa.

Jumamosi moja umeme ulikatika kwenye karakana anakoshonea, Futi akarudi nyumbani mchana. Alikuta mlango wake uko wazi na vicheko ndani. Aliingia. Viti vilikuwa vimegeuzwa kutazama dirisha, na juu yake wamekaa wanawake watatu asiowajua. Cherehani yake ya nyumbani haikuwa kwenye kona yake. Na pale kwenye msumari wake wa kwanza, badala ya picha ya mama, paliningʼinia shada la maua ya karatasi ya dhahabu, masalio ya ukumbi wa harusi.

Wifi mtu hakupepesa hata jicho. "Aa, mmemwona? Huyu ndiye fundi wangu. Mkono mwepesi! Mimi namwelekeza tu, yeye anashona."

Futi alisimama mlangoni mwake mwenyewe, kiatu kimoja mkononi.

"Hongera, fundi," akasema mwanamke mmoja mwenye miwani, mwalimu kwa jinsi alivyotamka. "Samahani, tunaweza kupata maji ya kunywa?"

Mgeni hana kosa. Futi alikwenda jikoni kuleta maji, na huko ndiko alikoiona cherehani yake, imesukumwa kati ya jiko na ndoo ya takataka. Juu ya cherehani, picha ya mama yake ililazwa kifudifudi. Na juu ya mgongo wa mama yake, mtu alikuwa ameweka kikombe chenye chai.

Alikiondoa kikombe. Kilikuwa kimeacha duara la maji kwenye karatasi. Hapo ile hasira ya miaka ishirini ya kuitikia ilimpanda, kisha, ajabu, ikamtuliza. Alipeleka maji kwa sinia.

Sebuleni mwalimu alikuwa ameinuka, ameushika ule ukanda wa chini. "Na kwa nini unaanzia hapa hasa?"

"Ni kanuni," akasema wifi mtu. "Jicho linahitaji mahali pa kutua. Shibiri mbili kutoka chini, si zaidi, si pungufu."

"Ndivyo ulivyoniambia na mimi. Lakini langu lilikuwa limeshafika sakafuni, na hizo shibiri mbili nimeongeza. Sasa linafagia. Juzi nimelikanyaga nikadondoka nalo."

"Utazoea. Uzuri una gharama yake."

"Hakuna kanuni," akasema Futi.

Wote wakageuka.

"Nilikosea." Alivua futi shingoni, akaishusha kutoka juu ya pazia hadi pale rangi ya binzari ilipoishia. "Hiki ni kipimo cha dirisha la chumba tulichokuwa tumepanga. Nilisahau kupima hili. Likapungua, nikaunga masalio yangu ya miaka ishirini. Huyo anayewauzia kanuni amewauzia kosa langu. Na mama yangu, aliyekaa miaka kumi na minane hana msumari, amelazwa jikoni kifudifudi, kafanywa meza ya chai."

Mwalimu alivua miwani. "Kumbe hapa ni kwako?"

"Ni kwa kaka yangu!" wifi mtu akadakia.

Naye kaka mtu alikuwa amesimama mlangoni, katoka kazini, mkoba begani. Hakuna aliyejua amesikia kiasi gani. Dada akamrukia. "Mwambie mkeo! Ananivunjia heshima mbele ya wateja wangu!"

Yule bwana alitazama viti. Alitazama lile shada la dhahabu. "Mama yuko wapi?" akauliza, na hakuwa akimuuliza dada yake. Akaenda jikoni, akarudi na picha akiifuta kwa shati lake. Akalishusha shada, akaitundika picha, akarudi nyuma hatua moja kutazama kama imenyooka. Ndipo akanyoosha kiganja.

"Dada. Ufunguo."

Wageni waliondoka wakisema samahani nyingi kuliko zilizohitajika. Wifi mtu aliondoka bila hata moja.

Hakuonekana kwa majuma mawili. Kisha asubuhi moja Futi alisikia sauti nje. "Hodi!" Alikuwa akitia uzi kwenye sindano, akaendelea kutia. "Hodi wenyewe!" Akafunga fundo. Ya tatu ilikuja taratibu, imepungua sana. Futi akafungua mlango kiasi cha uso wake. Wifi yake alikuwa amekumbatia rundo la pazia, pindo lake limechakaa na kujaa vumbi.

"La yule mwalimu. Anataka lifupishwe. Kasema..." Alimeza mate. "Kasema lishonwe na wewe, si mwingine."

"Sawa. Lakini kwanza, wifi, hapa ni kwa nani?"

Wifi mtu alitazama juu, akatazama pembeni, akatazama lile pazia mikononi kana kwamba jibu limeshonewa humo.

"Kwako," akasema.

"Basi karibu," akasema Futi, akaufungua mlango wote. "Vua viatu."