Pua ya Chiriku

Acheni niseme, nikinyamaza nitapasuka. Binti yangu ana miaka minne, tunamwita Chiriku kwa kupenda kwake kuongea, na wifi yangu amemfanya mtoto huyo mchawi.

Ilianzia wodini. Baba mkwe amelazwa kwa nimonia, pumzi inamkwaruza kifuani, wifi akambana daktari: mzee ugonjwa huu kaupata wapi? Daktari, maskini, akajibu kwa nia njema. Bakteria wake, akasema, mara nyingi hukaa puani mwa watoto wadogo wazima kabisa, wanaokula na kucheza, na pengine humfikia mzee ambaye kinga yake imechoka. Alikuwa bado anaeleza. Wifi alishasikia alichokitaka.

"Si Chiriku hushinda na babu yake, na kulala wanalala mto mmoja? Basi ni yeye!"

Lo! Kabla jua halijatua ukoo mzima ulishapata habari. Mtoto marufuku hospitali. Marufuku kwa shangazi yake. Hata kikombe chake kikatengwa juu ya kabati, asije mtu akakinywea. Na huyo wifi ana mapacha wa miaka mitatu, kamasi mpaka kidevuni, wanaompanda babu mgongoni kila wakija! Wao pua zao za dhahabu? Kweli nyani haoni kundule.

Huku mzee kila akifumbua macho anauliza, "Mjukuu wangu yuko wapi?" Daktari alishatuonya kwamba huenda hana siku nyingi. Mume wangu akanisihi tusigombane baba akiwa kitandani. Tusigombane! Nikajifunga kibwebwe, nikambeba Chiriku hadi hospitali, nikamleta daktari mpaka kwenye benchi walipokaa wote. Nikamwomba arudie maneno yake, safari hii mpaka mwisho.

Akarudia. Watoto wengi wanao bakteria hao, huambukizana wakicheza, na aliyempa mzee hakuna awezaye kumjua. Wala si kosa la mtoto yeyote.

"Na mapacha wa wifi?" nikauliza.

"Huenda nao wanao. Hata wewe, mama, ulipokuwa mdogo huenda ulikuwa nao," akamwambia wifi.

Wifi akasogeza miguu kutupisha. "Haya, aingie," akasema, utadhani ananipa zawadi.

Nikamshika binti yangu mkono. Tulipofika mlangoni akagoma. Akajichomoa, akaziba pua kwa mikono miwili, uso umemwiva, machozi yanamtiririka. Babu yake akamwona, akanyoosha mkono kutoka kitandani.

"Njoo, mjukuu wangu."

"Sitaki, babu," akajibu bila kuiachia pua. "Shangazi amesema nitakuua."

Mkono wa mzee ukabaki hewani. Nikamgeukia wifi.

"Haya, mwambie wewe," nikasema. "Mimi nimeshamwambia mpaka nimechoka, hanisadiki."