Ndege ya Watu

Shangazi wa kantini alikuwa injini ya nje ya bawa la kulia, na kuacha kucheka kulikuwa kumemshinda. Alisimama majanini, nje kabisa ya lami, aproni bado kiunoni, ameshika kamba ya manila iliyokwenda moja kwa moja hadi kwa watu wa forodha waliokuwa injini ya ndani. Wafagizi ndio walikuwa matairi. Fundi umeme, kwa urefu wake, alipewa mkia. Mbele ya wote, peke yake, karani wa tiketi alikuwa pua, uso ameukaza kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha.

Nilinyanyua mikono nikaiita, na ndege ya watu ikaanza kunijia.

"Mwanangu, usinitie mtaroni!" shangazi alinipigia kelele. "Goti langu unalijua!"

Nilikuwa juu ya paa la gari la zimamoto, nimevaa kizibao changu cha njano, nimeshika vibao vyangu viwili vya rangi ya chungwa. Kazi yangu ilikuwa kuongoza ndege zikiwa ardhini. Kaka zangu walipenda kuwaambia wageni kwamba dada yao ameajiriwa kupunga mkono, na mimi nilizoea kucheka nao, maana ndege zilizokuja kwetu zilikuwa ndogo, za mapangaboi, na rubani mwenye akili zake angeweza kuegesha bila mimi. Ile tuliyokuwa tunaisubiri ilikuwa kitu kingine. Bawa lake moja tu lingefunika uwanja wetu wote wa kuegeshea, pamoja na magari, pamoja na sisi.

Tuliiita kwa sababu ya maji. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimetupa maji hadi tukayalaani, kisha zikatuacha bila ya kunywa: mto ulipasuka, ukaimeza mitambo ya kusukuma maji ya mji, ukaondoka na daraja. Bila mitambo, mabomba yalikauka. Hospitalini madaktari walikuwa wakiahirisha upasuaji kwa kukosa maji ya kunawa mikono. Pampu mpya ilipatikana mbali, kubwa kama nyumba, na kwa kuwa daraja halikuwepo, hakuna lori ambalo lingeifikisha. Ingekuja kwa ndege, na ndege zinazoweza kumeza mzigo wa namna ile ni za kuhesabu.

Uwanja wetu haukujengwa kwa ajili ya mgeni huyo. Asingeweza kuingia sehemu ya kuegesha, kwa hiyo angebaki palepale kwenye njia ya kurukia: atue, aende hadi mwisho, ageuke pale lami inapopanuka kidogo, ashushe mzigo, kisha aondoke kwa njia aliyojia. Kugeuka ndiko kulikotunyima usingizi.

"Kwenye karatasi inageuka," alituambia bosi wa uwanja. Alikuwa mhandisi, kijana mwembamba, na kwa vile hakuachana na futi ya kupimia hata akienda kula, tulimpachika jina la Futi. Alijua, na hakuona ubaya. "Inageuka, na nafasi inabaki kiasi cha mtu kulala. Shida ni kwamba karatasi haiogopi. Watu wanaogopa."

Ndipo akatoa wazo la kujenga ndege kwa watu na kamba, kwa vipimo vyenyewe, tujizoeze.

Jaribio la kwanza bawa la kulia lilikatika, na nusu ya idara ya forodha ikaanguka majanini. La pili lilikwenda vizuri, hadi pua ilipofika ukingoni mwa lami. Karani wa tiketi akasimama ghafla. Matairi yote yakagongana nyuma yake.

"Vipi tena?" nilimuuliza.

"Dada, mbele yangu ni majani matupu."

"Ndiyo. Wewe ni chumba cha rubani. Gurudumu lako la mbele liko nyuma yako, bado liko kwenye lami."

Akageuka, akamwona mfagizi aliyekuwa gurudumu amesimama pazuri kabisa, hatua kadhaa nyuma. Akanitazama tena. "Kwa hiyo niingie majanini?"

"Ingia. Usitazame miguu yako. Nitazame mimi."

Aliingia. Ndege ya watu ikazunguka taratibu, kamba zikiwa zimenyooka, shangazi akichechemea nje huko kama anazunguka dunia nzima. Ilipomaliza kugeuka, kila mtu alipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeona kilichomsimamisha yule kijana, na nikajua rubani naye atakiona.

Siku yenyewe, wenye ndege walisema ingefika asubuhi, lami ikiwa bado baridi. Asubuhi ilipita tukiwa tumeinama, wafanyakazi wote kwa mstari mmoja, tukiokota kokoto kwenye njia ya kurukia, kwa sababu injini zile zinavuta chochote kilicholegea. Mafundi waling'oa taa za ukingoni, zisije zikagongwa. Jua likapanda. Ndege haikuonekana. Mchana ulipofika, Futi alikanyaga lami kwa kisigino, akaunyanyua mguu, akaangalia alama iliyobaki. Jua lilikuwa limeilainisha lami. Nami nilikuwa nimeiona.

Hapo ndipo mnara wa kuongozea ndege ulipotuita redioni. Ndege imekaribia, ilicheleweshwa ilikotoka. Haina mafuta ya kuzunguka hadi jua lipoe. Ama itue sasa, ama irudi na pampu yake.

Futi aliitazama tena alama ya kisigino, kisha akabonyeza kitufe cha redio. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

"Ashuke," akasema.

Niliiona kwanza kama wingu lisilosogea. Kisha ikawa na miguu. Ilishuka polepole mno, hata nikajikuta naisaidia kwa mabega, kama mtu anayemtazama mwenzake akibeba kabati ngazini. Matairi yalipogusa, nilisikia kwenye meno kabla ya masikioni. Ilipita mbele ya jengo letu, ikapita, ikaendelea kupita, na mkia wake ukapita juu kuliko paa la kantini. Gari la zimamoto nililosimama juu yake lilikuwa kule mwisho wa njia, na sasa mnyama mzima alikuwa ananijia mimi.

Ilizima injini mbili za nje, zile zilizoning'inia juu ya vumbi, kama tulivyokubaliana. Ilibaki na za ndani. Futi alikuwa ameinama pembeni, mbali na injini, macho kwenye matairi, redio mdomoni. Nilinyoosha mkono mmoja, nikaiita kwa mwingine, na pua ikaanza kugeuka.

Mwanzoni ilikuwa kama mazoezi. Kisha nikasikia sauti ya Futi kwenye kifaa cha redio nilichovaa sikioni, ya chini, kama anazungumza na mgonjwa.

"Lami inabonyea."

Niliona. Chini ya matairi ya nje, lami ilikuwa inajikunja kama utando wa maziwa.

"Nimsimamishe?"

Injini zilinguruma, joto likicheza juu ya lami.

"Usimsimamishe," alisema Futi. "Akisimama anazama, na hatoki tena. Mfanye aendelee. Mkazie."

Wakati huohuo ndege ikapunguza mwendo.

Nilijua kwa nini. Chumba cha rubani kilikuwa kimeivuka lami. Kule juu, nyuma ya vioo, watu walikuwa wanatazama chini na kuona majani, na vumbi, na mtaro. Mabawa yao hawayaoni. Matairi yao hawayaoni. Kila walichofundishwa maishani kilikuwa kinawaambia wakanyage breki. Na mbele yao alikuwepo mwanamke mmoja juu ya paa la gari, ambaye hawakuwahi kumwona, anawaita waje.

Sikuwa na njia ya kuwaeleza. Vibao viwili havina maneno mengi. Nilichoweza ni kutosita. Nikasogea hadi ukingo wa paa ili wanione mzima, nikaunyoosha mkono wa kushoto hadi bega likauma, na wa kulia nikauzungusha kwa nguvu, tena na tena. Njoo. Njoo. Uko salama, njoo. Nikiwa na machozi ya vumbi, nikiwa nazungumza kwa sauti, najua hakuna anayenisikia. "Nitazame mimi, baba. Nitazame mimi."

Injini zikapanda sauti.

Pua ikapita juu ya majani kama jumba linalohama. Gurudumu la mbele, nililokuwa nimelikodolea macho, likapita ukingoni na ukanda mwembamba wa lami ukibaki. Matairi ya nje yakajivuta kutoka kwenye mabonde yaliyoyachimba, moja baada ya jingine, na mkia ukafagia mbingu kutoka upande hadi upande. Na ghafla nilikuwa naitazama njia yote ya kurukia, imenyooka, na ndege imenyooka juu yake.

Nikapishanisha vibao juu ya kichwa. Ikasimama.

Sikumbuki nilivyoshuka kwenye gari. Nakumbuka Futi akiwa amekaa chini katikati ya lami ya moto, miguu ameinyoosha kama mtoto, anacheka bila sauti. Nakumbuka pua ikifunuka kwenda juu, ndege ikipiga magoti, na pampu ikitoka tumboni kwa mwendo wa konokono juu ya reli zake, imefungwa minyororo. Vigelegele vilianzia kwa shangazi wa kantini, vikawapata wafagizi, vikafika hadi kwa askari wa getini ambao kwa kawaida hawacheki na mtu.

Rubani mkuu alishuka kwa ngazi ya ndani. Nilitarajia jitu. Alikuwa mzee mfupi mwenye mvi, miwani imeshikizwa kwa kamba, na shati lake lilikuwa limelowa kuliko mashati yetu sote.

"Wewe ndiye uliyekuwa juu ya gari?" aliuliza.

"Ndiye mimi, mzee."

"Nilikuwa nimeshakanyaga breki," alisema. "Kidogo tu. Nikajisemea, huyu binti ama ana wazimu, ama anaona nisichokiona."

"Ukaamuaje?"

Alifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akaivaa, akanitazama vizuri.

"Mwenye wazimu angechoka mkono," akasema. Kisha akaomba chai.

Aliondoka jua lilipoinama, ndege ikiwa tupu na nyepesi, akaacha nyuma mabonde kwenye lami ambayo Futi alikataza kwa muda mrefu yasizibwe. Alidai anayapima.

Pampu ilichukua wiki kadhaa kufungwa. Siku ilipowashwa hakuna aliyetuambia. Nilikuwa nyumbani mchana, nimejinyoosha kitandani baada ya zamu, na mume wangu yuko kazini. Kelele za ngazini ndizo zilizoniamsha. Jirani wa ghorofa ya chini, mtu ambaye alikuwa hajanisalimia tangu tugombane juu ya sehemu ya kuanikia nguo, alikuwa anagonga mlango wangu kwa kiganja.

Nilifungua. Alikuwa peku, suruali ameikunja magotini, na maji yalikuwa yakiteremka ngazi nyuma yake kutoka ghorofa za juu, safi, yakiruka daraja kwa daraja. Mji mzima ulikuwa umeacha mabomba wazi kwa matumaini, na mji mzima ulikuwa kazini.

"Jirani," alisema, "maji ya jikoni kwako yanavujia kwangu."

"Samahani sana, nakwenda kufunga."

Niligeuka nikimbie. Akanishika mkono.

"Acha kidogo," akasema.

Tukasimama mlangoni, maji yakitupita miguuni, tukiyasikiliza.